Bwana Shamba na Ndege Wanaoshuka

Siku ile ya kutugawa walikuwepo baba mkubwa Kastori, aliyetoka Mwimbi na suti aliyofungia ndoa. Shangazi Leokadia, aliyepanda kutoka Kirando na tenga la dagaa. Mjomba Desderi wa Chanji, mwenye duka la sabuni na mafuta ya taa. Katekista wa kigango chetu, aliyefungua kikao kwa sala kisha akasinzia. Sisi wenyewe wanne, mimi, Oktavia, Fulgensi na Pius kitinda mimba, tumepangwa mkekani kama vyungu vya kuuzwa. Na Bwana Shamba, jirani yetu, ambaye hakuna aliyemwalika.

Matanga ya mama yalikuwa yamekwisha. Baba alikuwa amemtangulia. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze mama, na wakubwa wale walinihesabu kuwa mtu aliyekwisha kupangwa: wa kuolewa tu. Waliojadiliwa ni wadogo zangu. Shangazi alimtaka Oktavia, kwa kuwa Oktavia alikuwa na mikono myepesi ya kuanika dagaa. Mjomba naye alimtaka Oktavia, kwa kuwa mke wake alikuwa amejifungua. Baba mkubwa akasema ng'ombe wake wanahitaji mtu, akawa anaitazama miguu ya Fulgensi kama anayenunua punda. Pius, ambaye bado alikuwa anakojoa kitandani, hakutajwa na mtu mpaka katekista alipozinduka na kuuliza, "Na huyu je?"

Hapo ndipo Bwana Shamba aliposimama. Alisema, "Kwa kifupi," na sisi majirani tuliomzoea tukajua jua litazama kabla hajamaliza.

Alianza na milima ya Mbizi iliyoonekana pale mlangoni. Alisema ndege wa kule juu wana ubongo wa ukubwa wa punje ya maharage, lakini kipupwe kikikaribia hawakai kwenye tawi wakalia. Wanashuka. Makinda yanashuka, majike yanashuka, wanafuata miti ya vijito mpaka chini kwenye joto la bonde la Rukwa, wanakula huko, na mvua ikinyesha wanarudi juu. Hakuna anayeitisha kikao. "Ninyi Wafipa," alisema, "mnashindwa akili na ndege."

Yeye mwenyewe alikuwa Mfipa kwa baba na kwa mama, ila aliposema "ninyi Wafipa" ungedhani amezaliwa ofisini.

Shangazi alifurahi sana kusikia kuwa ndege wako upande wake. Mimi nikainua mkono kama niko darasani, nikamuuliza, "Na wanaobaki juu?"

"Wapo," alisema. "Wengi wao hufa."

"Na wasiokufa?"

Aliniangalia kama unavyoangaliwa muhogo wenye ugonjwa. "Wasiokufa wanakuta nafasi nzuri mvua ikirudi. Lakini hilo halikuhusu, binti."

Nikasema basi, anayemtaka Oktavia amchukue pamoja na Pius na mkojo wake, na anayemtaka Fulgensi anichukue na mimi pia. Wakatazamana. Mjomba akakumbuka kuwa nyumba yake ina vyumba viwili tu. Mwisho baba mkubwa alisema watuache kwa muda, watakuwa wanakuja kuangalia, na siku wakikuta sufuria liko baridi watatugawa bila kutuuliza. Wakala dagaa wale wale alioleta shangazi, wakaondoka. Kule "kuja kuangalia" ndiko nilikoishi nako miaka yote iliyofuata.

Nimemjua Bwana Shamba tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Alivaa koti la kaki la serikali, mvua na jua, na juu ya mfuko wa kifua palikuwa na doa la wino wa kalamu iliyovuja zamani, ambalo yeye hakulifua kwa sababu, nadhani, lilionyesha kuwa kalamu aliwahi kuwa nayo. Ukimwamkia shikamoo hakuitikia marahaba mpaka umwambie umepanda nini, kwa mistari, na nafasi kati ya shimo na shimo. Wanawake waliotoka kisimani walijitengenezea njia ya nyuma ili wasikutane naye na ndoo kichwani. Alikuwa na uwezo wa kusimama mbele ya mtu aliyebeba maji akamweleza faida za kupumzisha ardhi.

Kazi yake miaka ile ilikuwa kutuachisha ntumba. Mtu asiyetoka kwetu huenda hazijui. Mvua ikiwa bado ina nguvu tunakata nyasi pamoja na udongo wake, tunazigeuza chini juu, tunarundika vilima vya kufika gotini, nyasi zikiwa ndani. Juu yake tunapanda maharage. Ndani nyasi zinaoza polepole, na mvua za mwaka unaofuata zikikaribia tunavisambaza vile vilima na kumwaga ulezi. Hapahitajiki kitu cha dukani. Bwana Shamba aliita hicho kilimo cha fuko, yule mnyama mfukua udongo. Alitaka shamba tambarare, mahindi kwenye kamba iliyonyooka, na mbolea ya mfuko iliyoletwa na lori la ushirika. Aliyekutwa na ntumba aliitwa kwenye mkutano na kusimamishwa mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Watu wakaacha. Wakapanda mahindi, na kwa kuwa serikali ilinunua mahindi yetu huku mwisho wa barabara kwa bei ile ile ya walio karibu na reli, walifanya vizuri kwa muda, wakaona ulezi ni chakula cha wazee. Mbegu ya ulezi iliyokuwa kwenye vihenge ikapikwa pombe yote. Hakuna mtu duniani, nje ya Ufipa, ambaye angekunywa mbegu yake kwa sababu ameambiwa na mtu mwenye koti.

Siku moja kuku wetu aliruka ua wa minyaa nikamfuata. Nyuma ya nyumba ya Bwana Shamba, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kukaribishwa, nikakuta ntumba. Zilikuwa nzuri kuliko za bibi yangu, zimepangwa kama mikate, maharage yametoa maua. Alitoka na kikombe cha chai mkononi. Hakushtuka hata kidogo.

"Hilo," alisema, "ni shamba la majaribio."

Nikamshika kuku wangu nikaondoka. Jioni ile nilimsikia mkutanoni akimfokea mzee wa watu kwa kosa hilo hilo, na sauti haikutetemeka.

Kisha likaja soko huria. Redioni walilieleza vizuri. Kwetu lilikuja kwa umbo la lori lisilo na namba za huku, na dereva aliyekaa juu ya boneti akipanga bei ya mahindi yetu huku anatafuna muwa. Alijua kuwa mvua zikianza barabara itakufa, nasi tulijua kuwa anajua. Mbolea ikapanda bei mpaka ikawa inauzwa kwa kikombe, kama karanga. Lori la ushirika likaacha kuja, baadaye ghala lenyewe likapangishwa kwa mtu wa mitumba. Na siku moja orodha ya wafanyakazi waliopunguzwa ikabandikwa mjini Sumbawanga, na Bwana Shamba alikuwemo.

Alirudi akatutangazia kuwa ameiacha serikali. Kwa maelezo yake ungedhani ni serikali iliyopunguzwa. Koti hakulivua. Aliendelea kupita mashambani asubuhi, akikagua mistari ya watu ambao sasa hawakuwa na lazima ya kumsikiliza, na waliokuwa wanamwogopa zamani wakaanza kumtania waziwazi. Vijana walimwita, "Mshikaji, mbolea vipi?" Mke wake alikuwa amefariki zamani na watoto wake walikuwa Mbeya, wakimwandikia kila walipohitaji kitu.

Jambo moja nalikubali: ndege aliwajua. Aliwajua kama mtoza ushuru anavyowajua wauza nyanya. Kabla ya kupunguzwa kazi, alikuja Mzungu mmoja kutega ndege msituni Mbizi kwa nyavu nyembamba kama utando wa buibui. Hakuwala, aliwavalisha pete mguuni akawaachia, na kijiji kizima kilimwonea huruma. Bwana Shamba akawa anambebea nyavu, ingawa yeye alisema walikuwa wanafanya kazi pamoja. Ndege waliovalishwa pete juu msituni wakati wa mvua, baadhi yao walinaswa tena wakati wa baridi kule chini kabisa, kwenye vichaka vya ukingo wa bonde, wakiwa wanene na wenye afya. Mzungu alipoondoka alimwachia darubini yenye jicho moja zima. Tangu hapo Bwana Shamba alituangalia hata sisi kwa jicho hilo, akifumba lingine.

Nilikuwa naokota kuni pembeni mwa msitu, na mara nyingi nilimkuta huko. Hakusalimia. Alisema, "Simama," nami nikasimama na mzigo kichwani, kwa kuwa nimelelewa kuheshimu wakubwa hata wanapokuwa hawastahili. Alinionyesha kandege kenye mgongo wa kijani, kifua cha manjano kama kiini cha yai la kienyeji, kichwa cha kijivu na nukta nyeupe mbele ya jicho. Alisema huyo anakula wadudu, na kipupwe kikianza kuvuma wadudu wanajificha chini ya majani makavu. Akikaa juu atatumia nguvu nyingi kuwatafuta kuliko anazopata kwa kuwala. Basi anashuka. Dume lenye ubavu huweza kubaki kulinda mahali pake, lakini jike na makinda hawapotezi muda. Yule mkubwa wa kijani mwenye mabawa mekundu, anayelia kama mtu anayesafisha koo, hashuki, kwa sababu anakula matunda na mwili wake mkubwa unashika joto. Ndege chozi, wale wa midomo iliyopinda, wanafuata maua, maua yakiisha juu utawakuta kwenye migomba yetu. Na chiriku, wale wadogo wanaokula mbegu, wanakaa kwenye nyasi za vilele vya juu mpaka nyasi zipukutishe mbegu zake. Upepo wa baridi ukigeuka wanashuka kwa makundi, na kitu cha kwanza wanachokikuta njiani ni mashamba ya watu.

Alieleza yote hayo kwa dharau, kama vile ni mimi niliyekataa kushuka wakati wenzangu wana mabawa. Sijawahi kusikia mtu akitaja uzuri wa ndege kwa hasira vile. Alijua siku upepo utakapogeuka kabla haujageuka, na kila mwaka alituambia, na kila mwaka tulimpuuza kwa kuwa alituambia vibaya.

Kulikuwa na kijito kinachotoka msituni na kupita upande wa chini wa kijiji hadi ukingoni. Zamani kilikuwa na miti pande zote mbili, minene kiasi kwamba mtoto akiingia huoni tena shati lake. Wakati wa kampeni ya bustani miti ile ilikatwa yote, tukapanda kabichi. Kabichi zikaoza kwa kukosa mnunuzi, na miti haikurudi. Asubuhi moja ya baridi nilimkuta Bwana Shamba amesimama katikati ya visiki vile, darubini shingoni, haangalii kitu.

"Hapa walikuwa wanapita," alisema. "Wanateremka kivulini, mti hadi mti. Sasa wanafika pale juu wanageuka."

Nikamuuliza, "Nani alikata?"

"Wananchi."

"Wananchi waliambiwa na nani?"

Alifunga kifungo cha juu cha koti lake. "Na wewe mbona kuni zako mbichi?" alisema, akaenda zake. Nilicheka njia nzima. Niliwasimulia wadogo zangu, na Fulgensi alimwigiza vizuri sana, amevaa blanketi badala ya koti, mpaka Pius akajikojolea tena, safari hii kwa kucheka.

Sasa nifike kwenye mwaka ule mbaya. Nilipanda mahindi bila mbolea, kwa kuwa sikuwa na namna, na ardhi iliyozoea kulishwa kwa mfuko ikagoma. Mahindi yalitoka ya manjano na membamba kama nywele za mgonjwa. Nilipoyaona hivyo mvua ikiwa bado inanyesha, sikumngoja mtu. Nikawachukua Oktavia na Fulgensi tukaingia kwenye kipande cha nyasi alichoacha baba, tukakata ntumba. Sikuwahi kukata, nilikuwa nimemwona bibi tu. Zilikaa upande upande, lakini zilikaa. Tukapanda maharage juu yake, na maharage hayo pamoja na yale mahindi maskini ndiyo yaliyotuvusha kipupwe na kiangazi.

Mwezi wa kumi na moja, ghala likiwa limebaki na vumbi, shangazi Leokadia akaja kuangalia. Alifunua sufuria kabla hajafunua kanga yake. Akaingia ghalani, akatoka, akakaa kizingitini, akaanza kuzungumza taratibu kama anayezungumza na mgonjwa. Alisema atamchukua Oktavia na Pius leo hii, gari la Kirando linaondoka mchana, na Fulgensi atafuata kwa baba mkubwa. Nikamwambia nina ntumba zinazongoja, nasambaza wiki hii, nitapata ulezi.

"Mbegu iko wapi, mwanangu?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeizungukia kijiji kizima na vijiji viwili vya jirani. Walikuwa na mahindi mabaya na kumbukumbu za pombe nzuri.

"Ntumba bila mbegu ni makaburi," shangazi alisema. "Umejichimbia makaburi na kuyapangia mstari." Akamwambia Oktavia afunge nguo zake. Oktavia akanitazama. Nilimwona akitandika kanga ya mama chini na kuweka juu yake gauni lake la kanisani, na fulana ya Pius, na akasita, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuweka.

Bwana Shamba aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa amebeba beseni la bati lililofunikwa kwa gunia, na alikuwa amekasirika. Alisema amesikia kelele zetu tangu asubuhi kupitia ua, na kwamba mtu aliyefanya kazi miaka mingi kama yeye anastahili kupumzika mchana. Akaliweka beseni katikati ya nguo za Oktavia. Lilikuwa limejaa ulezi, punje nyeusi, ndogo, safi kama zimeoshwa.

Shangazi alimkumbusha kuwa ni yeye aliyesema siku ile tugawanywe kama ndege.

"Nilisema," alijibu. "Na bado nasema. Huyu binti ni mjinga. Lakini mbegu hii ikikaa mwaka mwingine itakufa, na sipendi kuona mbegu inakufa." Kisha akanigeukia mimi. "Usiniambie asante. Mbegu inarudi mbegu. Beseni langu utalirudisha likiwa limejaa, mbegu hii hii."

Ndiyo desturi yetu, hakubuni yeye: mbegu ya kuazima hailipwi kwa fedha wala kwa kibarua. Nikapokea kwa mikono miwili. Shangazi alikaa siku mbili, akanisaidia kusambaza ntumba huku akilalamika kiuno, akarudi Kirando na mikono mitupu. Miezi ya njaa ilikuwa mirefu. Tulikula maboga, mboga za porini, na dagaa ambao shangazi alituma bila salamu zozote.

Ulezi ule uliiva mapema kuliko ulezi wowote niliowahi kusikia. Wachache waliokuwa wamepata mbegu nyekundu kutoka upande wa Mwimbi walikuwa bado wanangoja rangi ibadilike, mimi na wadogo zangu tukawa tunakata masuke kwa visu. Tulimaliza. Upepo ukageuka, na chiriku wakateremka kutoka vilele vya Mbizi kama vile mtu amemwaga kitu angani. Watu walipiga makopo, wakapiga kelele, wakatundika mashati kwenye fito. Ndege walikula mpaka wakashiba, kisha wakaendelea na safari yao kuelekea chini, kwenye mpunga wa Wasukuma bondeni. Kwetu walikuta mabua. Baba mkubwa Kastori alipokuja kuangalia mwaka ule alikuta kihenge kimejaa mpaka juu, akakohoa, akaomba ulezi kidogo wa kupeleka nyumbani. Hakuna aliyerudi tena kwa ajili ya kutugawa.

Beseni sikulirudisha mwaka ule, kwa kuwa tulihitaji kula na kupanda. Mwaka uliofuata nao niliona bado. Bwana Shamba hakunikumbusha. Alipita tu nje ya shamba langu na jicho lake moja la darubini, akiangalia, akitikisa kichwa, akiondoka.

Imepita miaka. Oktavia ameolewa hapa hapa kijijini kwa mtu mpole. Fulgensi anajifunza useremala Chanji na Jumamosi anakuja kulala nyumbani. Pius yuko darasa la saba, ananizidi kimo, na ukimtajia habari za mkojo anatoka nje. Msimu uliopita, baada ya kupura, nikasema sasa basi. Nililipiga beseni msasa kwa majivu, nikalijaza ulezi mpaka likawa na kilima, nikamwita Oktavia tuende wote.

Bwana Shamba alikuwa amekaa juani kwenye kigoda, amezeeka ghafla kama wanavyozeeka watu wenye hasira. Miguu ilikuwa imevimba, hawezi tena kupanda msituni. Koti lilikuwa kubwa kwake. Nilimwamkia. Hakuitikia, aliomba ungo. Akamimina konzi moja ya ulezi wangu, akautikisa, akautazama kwa macho yake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Hii," alisema, "lishe kuku."

Nilimwambia nimekuja kulipa, sikuja kutukanwa. Nilimwambia ulezi ni ulezi, na kama amezeeka macho ampe Oktavia amsomee. Oktavia alinivuta mkono. Yeye akausogeza ungo karibu nami, akaanza kuzitenga punje kwa kidole, nyeusi huku, nyekundu huku. Nyekundu zilikuwa nyingi.

"Mnapura wapi?" aliuliza.

Tunapura kwenye mwamba, watu wote, ndivyo tulivyofanya siku zote. Wa huyu ukimalizika unaingia wa yule, tunafagia kwa ufagio mmoja, tunaimba. Sikuwahi kufikiri. Kila mwaka nilikuwa nimebeba nyumbani kidogo cha jirani, na jirani kidogo cha kwangu, na nilipoona mavuno yanachelewa siku chache nilisema ni mvua.

"Nyeusi inaiva kabla hawajashuka," alisema. "Nyekundu inawangoja. Nimekaa miaka mingi nikiangalia wanashuka lini, na nyuma ya ua huu nilikuwa nachagua suke moja moja linalowawahi. Serikalini walikuwa wananiuliza habari za mahindi. Ninyi mnachukua mwamba mmoja na ufagio, mnamaliza kazi hiyo kwa nyimbo." Alikohoa. "Mwaka kesho au keshokutwa watawakuta mmewatandikia meza."

Hasira zangu zilikuwa bado mdomoni. Nikasema kama anaipenda sana mbegu yake, basi achukue katika ile aliyobakiza yeye mwenyewe aendelee nayo, aniachie mimi takataka zangu.

"Nibakize ipi?" alisema. "Nilikupa yote."

Nikageuka kuangalia nyuma ya nyumba. Ua wa minyaa ulikuwa umefunguka, na pale nilipoziona zile ntumba siku ya kuku palikuwa na majani tu, marefu, ya miaka. Mlangoni kwake palikuwa na mfuko wa sembe ya dukani, umekunjwa mdomo. Alikuwa amekula sembe tangu mwaka ule, na alikuwa ameniacha nicheke.

Sikumwomba radhi, naye angeniambia nimesimama vibaya. Nilimimina ule ulezi kwenye gunia, nikaosha ungo wake, nikachukua beseni. Alisema kitu mgongoni kwangu kuhusu nafasi kati ya shimo na shimo. Sikugeuka.

Sasa kabla ya kukata shamba zima tunapita kwanza, mimi na Oktavia, na Pius akitoka shule, na Fulgensi Jumamosi. Tunatafuta masuke meusi yaliyotangulia, tunayakata peke yake, tunayapura nyumbani juu ya shuka, si mwambani. Majirani wanatuona tumekuwa wachawi. Ni kazi ya kuumiza shingo, na suke moja unaloliamini ukilisugua kiganjani unakuta nyekundu mbili zimejificha. Bwana Shamba anatuangalia kutoka kwenye kigoda chake kupitia ule ua uliofunguka, na bado hajaniitikia shikamoo ya msimu uliopita.

Mavuno ya mwaka huu yamekwisha, na chiriku wameshashuka. Nyeusi tulizopata zinafunika kitako cha beseni kwa shida, na bati bado linaonekana.